Mnara wa Taa wa Hudson-Athens na Msingi Wake

Mnara wa taa unapotajwa, wengi wetu hufikiria bahari na miamba ya pwani, lakini mito mikubwa inayopitisha vyombo nayo ilihitaji taa. Mnara wa Hudson-Athens, katika jimbo la New York nchini Marekani, ulijengwa mwaka 1874 katikati ya Mto Hudson, na umepewa majina ya miji miwili inayotazamana kwenye kingo zake.

Mahali hapo palikuwa na fungu la matope liitwalo Middle Ground Flats, ambalo maji yakijaa lilifunikwa lisionekane. Ikumbukwe kwamba Hudson hupwa na kujaa kama bahari hadi mji wa Troy, takriban kilomita 245 kutoka mlango wake, kwa hiyo nahodha aliyepita usiku hakuweza kulitegemea jicho lake peke yake.

Adui mkubwa wa mjenzi, hata hivyo, alikuwa barafu. Mto huganda wakati wa baridi, na barafu inapovunjika mapande yake huteremka na mkondo yakigonga kila kilichosimama njiani. Ndiyo maana upande wa kaskazini wa msingi wa granaiti ulichongoka kama omo ya jahazi, ili barafu ipasuke na kupita pembeni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ustadi wa jengo zima ulipo, kuliko hata kwenye nyumba nzuri ya matofali mekundu iliyo juu yake, walimoishi walinzi pamoja na jamaa zao. Mlinzi wa kwanza alikuwa Henry Best, akafuatiwa na mwanawe Frank. Ukungu ulipotanda, kengele iligongwa kwa mtambo uliotiwa ufunguo kama saa.

Taa sasa hujiendesha yenyewe, lakini jengo limo hatarini. Chini ya granaiti kuna takriban nguzo 200 za mbao zilizokitwa kwenye matope. Mbao zikifukiwa kabisa hudumu sana kwa kuwa hazipati hewa. Misukosuko ya maji inayosababishwa na meli kubwa za leo imeyakokoa matope hayo, nguzo zikabaki wazi na kuanza kuoza. Mwaka 2024 mnara uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani, na wahifadhi wake wanakusudia kuuzungushia msingi huo ukuta wa chuma.