Mtetemo wa mbele kwenye gari la 4x4: nini kinatikisa, na nini kimeacha kuzuia

Mtetemo wa mbele ni mtikisiko unaojirudia kwa mpigo, unaomfikia dereva zaidi kupitia usukani na sakafu ya miguuni, na chanzo chake ni kitu kinachozunguka: tairi, diski ya breki, ekseli, propela ya mbele (fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) au injini. Shimo barabarani hulirusha gari mara moja likaisha. Mtetemo una mpangilio, na ukiufuatilia mpangilio wenyewe utafika kwenye kifaa kinachousababisha kabla hujafungua hata nati moja.

Mara nyingi kinachotokea ni hiki. Gari linapandishwa jeki, fundi anakuta tairodi endi, kiungo cha mwisho cha chuma kinachogeuza gurudumu, imelegea, anaweka mpya, usukani unatulia kwa siku chache, halafu kelele zinaanza upya na lawama zinaangukia spea. Spea haikuwa na kosa. Tairodi endi, boli jointi na bushi hazizunguki, kwa hiyo haziwezi kuanzisha mpigo; kazi yake ni kushika. Zikichoka, mtikisiko mdogo wa tairi ambao gari lingeumeza bila mtu kujua unapata njia mpaka mikononi. Ndiyo maana kuna maswali mawili, si moja: nini kinatikisa, na nini kimeacha kuzuia? Kwa gari linaloingia tope na mawe, jibu huwa kwenye yote mawili, na ukitibu upande mmoja tu utarudi gereji.

Anza na mwendo. Chukua tairi lenye kipenyo cha inchi 31. Ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa linapiga takriban mizunguko 10 kwa sekunde. Kama uwiano wa difu, yaani meno yanayopokea mzunguko wa propela na kuupeleka kwenye magurudumu, ni 4.1, propela inazunguka zaidi ya mara 40 katika sekunde hiyohiyo. Mkono unazitofautisha kabisa kasi hizi mbili. Mtetemo wa tairi unakuja kwa mapigo, karibu uyahesabu, na usukani unacheza kushoto na kulia. Wa propela hauchezeshi usukani. Ni mvumo unaoingia kwenye nyayo na masikioni, na vioo vya pembeni vinapoteza picha. Anayekuambia tu kwamba "gari linatetemeka" hajakuambia kitu. Muulize linatetemeka vipi, kwenye mwendo gani, na akikanyaga nini.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni tope. Tope likikauka ndani ya rimu, upande usioonekana ukiwa umesimama nje, linavuruga balansi kuliko kupotea kwa kipande cha risasi cha kubalansi tairi. Usukani ukianza kutetemeka siku moja baada ya kutoka porini, kabla ya kitu kingine chochote, osha rimu kwa ndani. Ukiwa hapo chini, pitisha kiganja kwenye ukuta wa tairi kutafuta uvimbe, na zungusha gurudumu ukitazama kama rimu inayumba: jiwe moja linatosha kuipinda.

Baada ya hapo nenda barabarani, kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na watu. Fika kwenye mwendo ambao mtetemo unajitokeza, kisha weka gia frii na uache gari liserereke. Ukibaki vilevile, injini na klachi havihusiki. Ukipotea pale tu unapoachia mafuta na kurudi ukikanyaga, unatazama vitu vinavyobeba nguvu: krosi za propela (viungo vinavyoiruhusu ijipinde ikizunguka), au sivi jointi za ndani, viungo vya aina hiyo kwenye ekseli, kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele yanajitegemea. Ukija kwenye breki peke yake, ni diski zenye unene usio sawa, na hapo hakuna haja ya kuzunguka sana.

Gari la 4x4 lina faida moja ambayo gari dogo halina: unaweza kuipumzisha propela ya mbele. Kwenye gari lenye habu (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono, ukiwa kwenye mbili-nyuma, yaani nguvu ikienda magurudumu ya nyuma tu, na habu zikiwa wazi, ekseli na propela za mbele zinasimama kabisa. Endesha hivyo. Kisha simama, funga habu, uache transfa, yaani sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye mbili-nyuma, urudie mwendo uleule. Sasa propela ya mbele inazungushwa na magurudumu bila kubeba mzigo. Mtetemo ukitokea sasa wakati mwanzo haukuwepo, chanzo kiko kati ya habu na transfa, na matairi umeshayatoa kwenye orodha. Kwenye 4x4 ya kudumu yenye difu ya kati inayofungwa, mafundi huishusha propela ya mbele, wanaifunga difu ya kati na kujaribu gari kidogo kwa magurudumu ya nyuma. Usipoifunga, gari halisogei, kwa sababu nguvu yote inakimbilia upande usio na kitu. Magari ambayo difu yake ya kati inategemea kiungo cha mafuta mazito badala ya kufuli yasifanyiwe jaribio hili.

Propela yenyewe inastahili maelezo zaidi, kwani ndipo watu wanapotupa pesa nyingi. Krosi inayofanya kazi ikiwa imepinda haipeleki mzunguko kwa kasi moja. Katika kila mzunguko, upande wa pili unaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande mwingine, ikiwa kwenye pembe ileile na uma zake zimelingana na za mwenzake, inakifuta kile kilichoharibiwa na ya kwanza. Sasa fikiria propela imevuliwa ili ipakwe grisi, ikarudishwa ikiwa imeruka jino moja kwenye sehemu inayoteleza. Kila kifaa ni kizima, hakuna kilichochakaa, na gari linavuma kama nyuki. Ndiyo maana fundi mwangalifu hupiga alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kuvuta chochote.

Krosi iliyokufa ina dalili zake. Unga mwekundu wa kutu unaozunguka vikombe vyake maana yake grisi iliisha zamani na sindano za ndani zinasaga chuma kikavu. Kuna kishindo unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi. Ili kuhakikisha, lala chini gari likiwa limewekewa vizuizi, shika uma mmoja kwa mkono huu na wa pili kwa mkono mwingine, usokote kinyume. Uma mmoja ukisogea bila mwenzake, hata kwa kiasi cha unene wa ukucha, krosi imekwisha. Zikisogea zote pamoja kisha zikagota, huo ni uwazi wa meno ya difu, na kiasi kidogo chake ni cha kawaida.

Sivi jointi hujisema zenyewe. Ya nje inagonga ta-ta-ta ukikata kona usukani ukiwa umeishia. Ya ndani hutetemesha gari likiwa linavuta mzigo na kunyamaza ukiachia mafuta. Grisi nyeusi iliyorukia ndani ya rimu inamaanisha buti la mpira limepasuka, na mchanga umeshaingia.

Sasa upande wa kushika. Gari likiwa kwenye jeki na stendi imara, shika tairi juu na chini, sukuma na uvute. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu, kwa sababu breki imeibana habu isisogee. Ukibaki, ni kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia likikata kona) au boli jointi. Kisha shika kushoto na kulia kwa ajili ya tairodi endi. Hili la breki halichukui hata dakika, na limewaokoa wengi kutoka kwenye kununua beringi za bure. Beringi pia huvuma, na mvumo huongezeka uzito ukiielekea: ukikata kushoto, ya kulia ndiyo inayobebeshwa.

Kuna hali moja isiyofuata kanuni ya kwanza, kwamba chanzo ni kitu kinachozunguka, nayo ni ile ya gari lenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili) kugonga shimo kwenye mwendo kisha magurudumu yote mawili kuanza kupigapiga kushoto na kulia kwa nguvu mpaka upunguze mwendo kabisa. Hapa shimo ni kichocheo tu. Mchezo kwenye panadi, yaani chuma cha mlalo kinachozuia ekseli isihame kushoto wala kulia, pamoja na kingipini zilizolegea, unaruhusu mtikisiko ujilishe wenyewe. Gari lililoinuliwa springi liko hatarini zaidi. Kuinua huongeza pembe ya propela, na mwenye gari akiizungusha ekseli ili pua ya difu itazame juu kuelekea transfa, propela inanyamaza lakini kingipini zinapoteza mlalo wa kuegemea nyuma, ule unaoyarudisha magurudumu katikati. Umeondoa mvumo, umeleta kupigapiga. Wanaoinua sana huishia kukata ncha za ekseli na kuzichomelea upya ili pembe hizo mbili ziachane. Shokomzoba mpya ya usukani itaituliza hali hiyo kwa muda, huku tundu la bolti ya panadi likizidi kupanuka.