Sato wa kukaanga kwa mchuzi wa pasheni

Kampala haina bahari. Pweza na kamba wanaouzwa mjini wamekuja na barafu kutoka pwani. Ukitaka samaki mbichi hasa, shuka mwaloni Ziwa Victoria asubuhi, Ggaba au Katosi, umtafute sato, yule Waganda wanayemwita ngege.

Mwenye nusu kilo anatosha na anaenea kikaangoni. Jicho liwe angavu, limetokeza. Ukifunua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza mgongo: nyama ikibaki na shimo, mwache.

Baada ya kupaa magamba, pasua tumbo kwa ncha ya kisu bila kuzamisha, maana nyongo ikipasuka uchungu hautoki kwa kuosha. Kwangua ule utando mweusi wa tumboni pamoja na damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo. Chanja mara tatu kila upande hadi mfupa, paka chumvi kijiko kimoja cha chai, mwache dakika kumi na tano.

Sasa mkaushe. Wengi huharibu hapa, kisha wanalaumu kikaango. Chumvi imevuta maji. Maji hayo yakikutana na mafuta yanaruka, yanapoza mafuta, na ngozi inanata. Futa kwa kitambaa safi nje, tumboni na ndani ya michanjo. (Unga wa ngano wanaoupaka wengine, kwangu ni wa kumfichia aibu samaki aliyelowa.)

Mafuta yawe na kina cha sentimita mbili. Kwenye sigiri, subiri makaa yote yashike. Chovya mpini wa mwiko mkavu: ukizungukwa na mapovu mengi, mwingize samaki, usimguse kwa dakika tano au sita. Akikataa kubanduka, hajaiva upande huo. Mgeuze mara moja tu.

Kwa mchuzi, chagua pasheni nne zenye ganda laini. Zilizokunjamana ni tamu zaidi, tuziachie juisi. Kamua nyama yake kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Usisage kwa blenda, kwa sababu mbegu zikivunjika mchuzi unakuwa na chenga nyeusi. Tia kitunguu kidogo kilichokatwa vyembamba, pilipili mbuzi nusu na chumvi kidogo. Usiupike, harufu itapotea. Umwagie mezani, mtu anapoanza kula; ukiutangulizia jikoni, ngozi uliyoihangaikia italainika kabla sahani haijafika.