Diskasi Dodoma: tunayoambiana na yalivyo

Mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Nkuhungu, akaona diskasi sita, samaki wa mapambo, wanazunguka kwenye tangi la kioo la lita 300, maneno yake ya kwanza karibu yanafanana: "Hawa si ndio wale wanaokufa ovyo?" Baada ya hapo huja mafundisho, na mengi ya mafundisho hayo niliyaamini mwenyewe nilipoanza. Nimeyaweka hapa jinsi yanavyosemwa mtaani.

"Maji ya Dodoma yana chumvi, diskasi hayawezi."

Kwamba maji yetu ni magumu, hilo halina ubishi. Angalia birika lolote lililochemsha chai kwa miezi michache, ukoko mweupe umeganda chini. Mengi yanatoka visimani Mzakwe, bonde la Makutupora, na yanapopita ardhini yanabeba madini. Diskasi wa porini kule bonde la Amazon anaishi kinyume chake, kwenye maji laini yenye asidi, na baadhi ya mito huko pH, yaani kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi, hushuka chini ya 5.

Ila samaki anayeuzwa madukani leo mara nyingi hajawahi kuiona Amazon. Babu wa babu yake alizaliwa kwenye tangi, Asia au Ulaya, na ugumu wa wastani haumsumbui mradi maji yasiwe ya kigeugeu. Kinachomsumbua ni zile chupa za kushushia pH. Maji magumu yana kabonati inayomeza asidi. Asubuhi unamimina, pH inashuka. Jioni imerudi palepale, kesho unamimina tena, na samaki ndiye anayepandishwa na kushushwa. Mimi chupa yangu niliitupa.

Ugumu unauma kweli kwenye kuzaliana, kwa sababu mayai mengi hayaanguliwi. Anayetaka vifaranga akinge maji ya mvua kati ya Desemba na Aprili, aiache mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati, kisha ayachanganye na ya bomba kidogo kidogo. Vifaranga vyenyewe ni kitu cha kukaa ukatazama: siku zao za mwanzo hula ute wa ngozi ya wazazi, baba na mama wakipokezana kunyonyesha, kama neno hilo linafaa kwa samaki.

"Dodoma ni joto, hita ya nini?"

Aje alale hapa Julai bila blanketi ndipo aseme. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe hutetemesha. Diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30, mchana na usiku. Hita anahitaji, na kipimajoto cha pembeni pia, maana namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha hita si ya kuaminiwa.

"Maji yakiwa maangavu, yako salama."

Hapa ndipo samaki wengi wanapofia, na wangu mmoja yumo.

Jumamosi moja nilitoa sponji ya chujio nikaipeleka bombani. Niliisugua na kuikamua mpaka maji yakatoka meupe, nikajiona fundi. Jumatatu jioni nikakuta samaki wote wamejibana nyuma ya hita, vichwa vimeinama kidogo, miili imepiga weusi, mashavu yanapiga haraka haraka. Nikadondosha chakula. Kikashuka taratibu mbele ya midomo yao mpaka kikatua chini, hakuna aliyejishughulisha nacho. Maji yalikuwa yanang'aa kama kabati la sonara. Nikachukua kipimo cha amonia, nikatia matone, nikatikisa kichupa. Rangi iliyotakiwa kuwa njano ikaja kijani.

Amonia haionekani kwa macho. Inatoka kwenye mkojo, kinyesi, matamvua ya samaki na chakula kinachooza. Kinachomwokoa samaki ni bakteria waliojishikiza kwenye sponji: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali huo. Tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuwajenga. Mimi niliwaua kwa klorini ya bomba na kusugua kwangu, ndani ya dakika tano.

Ugumu wa maji nao unarudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa maji magumu mara nyingi huwa na pH ya juu. Kwenye nyuzi 30, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika umbo lenye sumu kali. Yafikishe pH 8, sehemu hiyo inapanda hadi karibu asilimia 7.5. Amonia ni ileile uliyopima, makali yake yameongezeka karibu mara kumi. Ndiyo maana rafiki yako mwenye maji laini anaweza kuzembea wiki nzima akapona, wewe ukaumbuka kwa siku mbili.

Usiku ule nilibadilisha nusu ya maji, yaliyokwisha kutolewa klorini na yenye joto lilelile, nikarudia kila siku kwa siku kadhaa. Mmoja hakupona. Sponji sasa naikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, basi. Ikibaki na rangi ya udongo, ibaki nayo.

"Akipiga weusi, mwagia kapsuli mbili."

Ushauri huu nimepewa na watu wanaonipenda. Weusi na kujificha ni malalamiko, na mara nyingi yanayolalamikiwa ni maji. Pima kwanza. Antibayotiki iliyomiminwa kwenye tangi kuu inaweza kuwaua bakteria walewale wa chujio, ukawa umempa mgonjwa ugonjwa wa pili. Kinyesi cheupe kama uzi kinaweza kuwa dalili ya vimelea vya utumbo, ambavyo dawa ya metronidazo huvitibu, lakini hata samaki asiyekula hutoa kinyesi cha namna hiyo. Tiba ifanyike kwenye tangi la pembeni, kwa dozi ya lita ulizonazo. Samaki mgeni naye akae huko wiki 4 hadi 6 kabla ya kukutana na wenyeji, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake.

"Bila moyo wa ng'ombe hakui."

Buchani Majengo moyo haukosekani, na wafugaji wengi duniani wanautumia. Hukuza, kweli. Lakini mafuta yake hayamfai samaki na mabaki yake yanachafua maji upesi. Chembechembe bora za chakula cha samaki, na uduvi uliosagwa ukagandishwa, vinatosha. Ukiung'ang'ania moyo, ondoa mafuta na mishipa yote, toa kidogo, nyonya mabaki saa ileile.

"Naanza na wawili tu."

Mmoja atampiga mwenzake mpaka afe kwa njaa kwenye kona. Anza na watano au sita, ubabe ugawanyike. Wala usiwachanganye na wale samaki wa rangi kali wa Ziwa Tanganyika eti kwa kuwa ni ukoo mmoja. Ukoo ni mmoja kweli, hata perege yumo, ila wa Tanganyika anataka maji ya pH 8.5 na zaidi.

"Umeme ukikatika, baridi itawamaliza."

Lita 300 hazipoi kwa saa moja. Hewa ndiyo inayotangulia kuisha. Maji ya nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita usawa wa bahari, na kwa mwinuko wetu hubeba pungufu ya hapo. Washa pampu ya betri kwanza, blanketi la kufunika kioo litafuata. Na usilishe mpaka umeme urudi.

"Mji wa ukame huu, si kupoteza maji?"

Kwangu ni ndoo sita za lita 20 kwa wiki, asilimia 40 ya tangi. Maji ya mgao nayakinga kwenye pipa wazi, pampu ya hewa inachemkia humo siku nzima klorini itoke, nayapasha ndipo nayatia. Yanayotoka yamejaa nitreti, na nitreti ni mbolea. Nyuma ya nyumba nina mizabibu miwili. Mama jirani alipoona majani yake mwezi wa tisa, mwake yakiwa yamekauka, aliniletea ndoo zake mbili tupu. "Baba, ukiosha tena samaki wako, usinisahau."