Viraka vya Uoto vya Dodoma: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba ukilaza ramani ya uoto ya mwaka mmoja, iliyotengenezwa kutokana na picha za setilaiti, juu ya ile ya mwaka mwingine, kila tofauti utakayoiona ni badiliko la ardhi. Sivyo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na miti mingi ya huku, mibuyu ikiwemo, hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Kichaka kilekile kilicho kijani katika picha ya setilaiti ya Machi huweza kuonekana kama ardhi tupu katika picha ya Septemba. Asiyelinganisha picha za miezi inayofanana atatangaza kwamba miti imekatwa, kumbe imesimama palepale ikingoja mvua. Kuna pia makosa ya uainishaji, yaani ya kuipa ardhi aina ya uoto isiyo yake: ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 90 kila moja, iwapo makosa yake hayahusiani, zinapolinganishwa hubaki na usahihi wa takribani asilimia 81. Ikiwa uoto umebadilika kwa asilimia 5 tu, badiliko hilo linamezwa na makosa hayo.

Wengine huamini kwamba mpaka wa kiraka, yaani eneo ambalo ramani hulihesabu kuwa la uoto wa aina moja, upo ardhini kama uzio wa miiba. Pikseli, yaani kijiraba kidogo kabisa cha picha, katika picha za setilaiti za Landsat zinazotumiwa sana ina meta 30 kwa 30, na ndani yake yaweza kuingia migunga mitatu, kipande cha shamba la uwele na ukingo wa korongo, ilhali ramani hukipa kiraka jina moja tu. Kwa hiyo idadi ya viraka peke yake haisemi lolote: vitatu vikiwa tisa, huenda vichaka vimeenea, au kichaka kikubwa kimekatwakatwa na mashamba.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni ile ya kuichukulia modeli, yaani hesabu inayoonesha jinsi uoto unavyoweza kubadilika, kama utabiri. Modeli rahisi hutumia jedwali la uwezekano: ikiwa katika hekta 100 za kichaka 70 zilibaki kichaka baada ya miaka kumi, na hakuna ardhi nyingine iliyogeuka kichaka, basi baada ya kumi mingine zitabaki 49. Hesabu ni sahihi, lakini imejengwa juu ya sharti kwamba kasi haibadiliki. Sasa tazama milima ya Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Nyasi na vichaka vikarudi mahali ambapo jedwali la miaka iliyotangulia lingeonesha makorongo yakizidi kupanuka. Kando ya mji wa Dodoma hali ni kinyume, kwa kuwa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, kichaka kinachopakana na viwanja vipya vilivyopimwa hakiwezi kupewa uwezekano sawa na kilicho mbali na barabara, hata kama ramani imevipaka vyote rangi moja.