Mafunjo hayana kosa: dhana potofu kuhusu vinamasi vya Mwanza

Kuanzia Igombe hadi Luchelele, ufukwe wenye mafunjo huitwa pori mpaka siku unapopata mnunuzi. Kifusi kinamwagwa, ukuta unapanda, na mvua kubwa ikija lawama zote linabebeshwa Ziwa Victoria. Ukitaja kurudisha vinamasi hivyo, majibu utakayopewa ni haya.

Dhana: Mafunjo na magugu maji ni yale yale, yote yang'olewe.

Magugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Maua yake ni ya zambarau, na yakifunga mwalo mitumbwi haitoki. Mafunjo ni mwenyeji: bua la pembe tatu, kichwa kilichotawanyika kama ufagio wa chelewa, na mizizi iliyosukana ikawa tabaka nene linaloweza kubeba mtu. Tabaka hilo maji yakipanda hukatika na kuelea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliingia kwenye bwawa la umeme kule Jinja, Uganda nzima ikawa gizani. Tangu hapo mafunjo yana jina baya, ingawa kilichoyang'oa ni ziwa lenyewe kujaa.

Dhana: Ziwa linapanda kwa sababu bahari inapanda.

Hapa nitakaa kidogo. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo bahari ihangaike vipi, huku haifiki. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yake hurudi angani kwa mvuke. Miaka michache ya mvua nyingi inatosha kulijaza. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka mno. Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja tu juu ya rekodi ya 1964, na mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa.

Maana yake ni kwamba ukingo wa ziwa unatembea. Mafunjo hutembea nao, yanasogea nchi kavu maji yakijaa na kurudi yakipungua, alimradi yana pa kwenda. Jenga ukuta wa zege nyuma yake, yatabanwa katikati ya ukuta na kina kirefu hadi yafe. Waingereza wameyaona hayo kwenye vinamasi vyao vya maji chumvi, vilivyobanwa kati ya bahari na kuta za kuzuia mafuriko. Kisiwani Wallasea, Essex, walisomba zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye njia ya treni chini ya London, wakainua ardhi, kisha mwaka 2015 wakatoboa ukuta ili bahari iingie. Kazi ya mabilioni! Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kuiheshimu ni rahisi kuliko kusomba udongo.

Dhana: Kurudisha kinamasi ni kupanda miti.

Miche na picha za viongozi huja mwisho, kama zina ulazima. Kwanza ondoa kifusi, ziba mitaro iliyochimbwa kukausha majaluba, zuia ng'ombe, maana machipukizi ya mafunjo kwao ni chakula kitamu. Palipobaki mafunjo jirani, yatarudi bila kuitwa. Pasipo na kitu, hupandwa vipande vya shina la chini kwenye tope, ncha zikiwa juu ya maji, kwa sababu kipande kipya kikizama kinaoza. Mikaratusi ndiyo usiilete kabisa, inanyonya maji.

Dhana: Mafunjo ni kiwanda cha mbu.

Mbu wapo, sikatai. Lakini utafiti wa Kabale, Uganda, ulikuta vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vina joto zaidi na mbu wa malaria wengi zaidi ndani ya nyumba kuliko vilivyo kando ya mafunjo ya asili. Madimbwi ya wazi yanayopigwa na jua ndiyo baadhi ya mbu hao wanayapenda.

Dhana: Hakuna samaki mle.

Maji ya ndani yana oksijeni kidogo, sangara hawezi kukaa. Kamongo anapumua hewa, anakaa. Na baadhi ya furu, samaki wadogo wa ziwani, nao hujificha humo wasiliwe.

Dhana: Tukirudisha mafunjo, Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji utajisafisha.

Hili wanalisema watu wema, na ndilo linaloniudhi zaidi. Mafunjo hupunguza kasi ya maji, tope likatua, na hunyonya naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo mbolea ya magugu maji. Chupa za plastiki hayali. Metali nzito kutoka gereji na viwandani hubaki kwenye tope lake, hazipotei.

Dhana: Ukikata mafunjo umeua kinamasi.

Wasuka mikeka waacheni. Bua likikatwa, shina la chini huchipua tena, na kila mzigo unaotoka unaondoka na sehemu ya uchafu ulionyonywa. Kinachoua ni kukata pale pale kila baada ya miezi michache, kabla akiba ya shina haijarudi, na moto wa kiangazi unaoshuka hadi kwenye mizizi.