Mama mukwe yuko njiani, na chumba ni cha mita mbili

Jumatano jioni simu ililia nikiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Papa fundi, mama mukwe anashuka na boti ya Goma siku ya posho. Chumba kiko, kitanda ndiyo hakuna. Kuya upime." Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Nilikijua hicho chumba kabla sijakiona. Nyumba nyingi za Bukavu zinacho: kile cha nyuma, kilichoitwa chumba cha wageni siku ya kujenga, kisha kikageuka cha makaa, ndoo, pasi na sanduku ambalo hakuna anayekumbuka ufunguo wake uko wapi.

Asubuhi nikaenda na futi yangu. Mita 2 na sentimita 40 kwa mita 2 na sentimita 10. Mlango wa sentimita 75 unaofungukia ndani. Dirisha moja la kuchungulia. Na ukuta wa nyuma umeegemea mlima.

Mteja huniuliza aweke kitanda gani. Mimi humrudishia swali: mchana godoro litakuwa wapi? Mgeni hulala usiku, lakini chumba kidogo huharibika mchana, na hata godoro lenyewe huoza mchana. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kadutu, hapa Bukavu, na magodoro niliyoyaona yakitupwa kwa sababu ya kuoza ni mengi kuliko niliyoyaona yakitupwa kwa uzee.

Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Ili upate uwanja wa nyumba lazima uchonge mlima, nyumba ikae ndani ya hilo pengo, na ukuta wa nyuma ugeuke kizuizi cha udongo. Mvua zinaanza Septemba na kutuacha Mei. Miezi yote hiyo mlima unakunywa maji na kuyasukuma polepole kwenye tofali. Angalia nusu mita ya chini ya ukuta huo: rangi ni nzito zaidi, chokaa imevimba, ukiigusa inabanduka. Sasa tandika godoro la sponji sakafuni. Juu mgeni analipasha joto, chini saruji inalipoza, na jasho lake pamoja na pumzi yake vinashuka hadi kwenye ule upande wa baridi na kugeuka maji. Baada ya siku chache ligeuze uone vidoadoa vyeusi. Watu hudhani wameuziwa godoro bovu. Hapana, ni kuvu, na wameifuga wenyewe.

Wengine huzidisha balaa kwa kuliacha godoro ndani ya plastiki ya dukani, eti libaki jipya. Plastiki hiyo ni ya safari ya kutoka sokoni mpaka nyumbani, basi. Ndani yake unyevu hauna mlango wa kutokea. Ivue, shona foronya ya kitambaa kizito yenye zipu, ufue kila mgeni akiondoka.

Kwa hiyo kutandika chini mimi silipendekezi kwa zaidi ya usiku mmoja au miwili. Ikibidi, piga misumari mbao chache ziwe kama kichanja, uinue godoro hata sentimita 8 hewa ipite, na asubuhi lisimamishe kwa ubavu mbali na ukuta. Ila kwa mama mukwe usijaribu. Mtu mwenye magoti ya miaka 60 akilala chini, kila asubuhi nyumba nzima itasikia namna anavyoinuka.

Kuna lile godoro la kujaza hewa. Linakunjwa likaingia kwenye mfuko, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa blanketi, na hewa iliyofungiwa chini ya mgongo hupoa pamoja na sakafu. Ukilitumia, weka blanketi moja chini ya mgeni kabla hujamwongezea la juu. Pampu ya umeme nayo inataka umeme, na nani ameahidiwa umeme saa mbili usiku? Likitoboka, fundi wa mipira ya pikipiki analiziba, nimeona, lakini mgeni atakuwa ameshaamka yuko sakafuni.

Kanape (kochi) ya chuma inayofunguka kuwa kitanda, ile inayokuja imeshatumika Ulaya, ni nzuri ikiwa gari linafika mlangoni kwako. Kwetu mara nyingi gari linaishia barabarani, halafu kuna ngazi za udongo, kijia kati ya parseli mbili, na kamba za nguo za jirani. Kanape hiyo haifunguliki vipande. Nimewaona vijana wanne wakiirudisha juu baada ya kukwama kwenye kona. Tena kagua mishono yake kabla ya kulipa, kwa sababu kunguni hupenda safari. Wanakufa kwenye joto la kupita nyuzi 50, ila maji ya moto hayamwagwi kwenye kanape.

Kitanda cha ghorofa ni cha watoto na wanafunzi. Pima dari kwanza: godoro la juu likiwa kwenye sentimita 150 na dari kwenye 240, aliye juu anabaki na sentimita 90 za kukalia, inatosha. Dari ikiwa chini ya hapo, mvua ikipiga mabati atadhani inampiga yeye.

Na kile kinachosimama ukutani mchana, kikashushwa usiku? Kilipata umaarufu Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia William Lawrence Murphy wa San Francisco, aliyekuwa akiishi kwenye chumba kimoja. Vijana hunionyesha video zake kwenye simu kila mwezi. Jibu langu linategemea ukuta. Ukuta wa mbao au wa tofali za udongo haubebi uzito huo kwa sikrubu nne. Na sisi tunaishi kwenye bonde la ufa. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika hapa, kuta zikapasuka. Kitanda kinachoning'inia juu ya kichwa kinahitaji ukuta imara, bulo (bolti) zinazopenya hadi upande wa pili, na komeo la kweli. Kwa chumba cha nyuma chenye chokaa iliyovimba, sikifungi hata ukinilipa mara mbili.

Kabla ya kufika kwenye ninachokipenda, neno moja juu ya mgeni mwenyewe, kwa maana "mgeni" ni watu wengi. Yupo mjomba anayelala siku mbili akiuza ng'ombe wake. Yupo ndugu kutoka Kalehe au Shabunda aliyekuja kutibiwa hospitali ya Panzi, atakaa wiki tatu, pengine na mshono tumboni. Huyo anahitaji kitanda cha sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, ili akae kwanza miguu ikiwa chini, ndipo ajilaze. Na yupo mukwe. Hapo kuna wanaosema, "tutampa kitanda chetu, sisi tulale salo," yaani sebuleni. Kwetu hilo halipo. Mama hawezi kulala pale analala mwanawe na mkewe. Atakaa kwenye kiti mpaka alfajiri na hatakueleza kwa nini. Chumba kidogo chenye kitanda chake mwenyewe kinamstahi kuliko chumba kikubwa cha kuazima.

Sasa benchi la kuvuta. Mchana ni kiti cha mbao chenye kina cha sentimita 75, kimekaa ubavuni mwa ukuta, mtu anakaa, anapiga pasi, mtoto anasoma. Usiku unalivuta mbele linakuwa kitanda cha sentimita 135, karibu sawa na kile cha watu wawili. Siri iko kwenye chaga, zile mbao nyembamba zinazobeba godoro. Zipo za makundi mawili: za kwanza zimefungwa kwenye fremu ya nyuma isiyotembea, za pili zimefungwa kwenye mfumbati (ubao wa ubavuni) wa mbele wenye matendegu (miguu) yake. Zinapishana kama vidole vya mikono miwili. Ukivuta, vidole vinaachana, lakini visiachane kabisa: sentimita 15 lazima zibaki zimepishana, zikiegemea fremu ya nyuma, la sivyo mgeni akikaa katikati ataenda chini. Ndiyo maana 75 haizai 150.

Kwa urefu wa sentimita 190, natumia chaga 15 zisizotembea na 14 zinazotembea, kila moja upana wa sentimita 6, unene wa sentimita 2 na nusu. Chaga nazitengeneza kwa grevilea iliyokauka vizuri. Mkaratusi ni mgumu na unapatikana kila kilima, naupa kazi ya matendegu. Kwenye chaga unajipinda. Libuyu ni ya ubao wa mbele unaoonekana, kama mteja ana mfuko.

Hapo kwenye nafasi kati ya chaga ndipo niliposomea kazi hii kwa aibu. Mwaka wa kwanza nilitengeneza benchi moja mwezi wa Julai, kiangazi, mbao kavu kama biskuti. Nikaacha nusu milimita kila upande, nikajisifu: inateleza bila kelele! Novemba mwenye nyumba akanipigia saa tatu usiku, mgeni amekaa na begi lake magotini, benchi halifunguki. Chaga ya sentimita 6 ikinywa unyevu wa mvua zetu inaweza kunenepa zaidi ya nusu milimita. Jirani yake naye amenenepa vivyo hivyo. Ile milimita moja niliyoacha ikamezwa. Tulilifungua kwa nyundo na kipande cha mti, mgeni akitutazama kwa adabu. Tangu hapo naacha milimita 3 kila upande, na kila chaga naisugua kwa mshumaa mbavuni kabla ya kuifunga. Chini ya matendegu ya mbele nagundisha kipande cha blanketi kuukuu, ili yateleze kwenye saruji bila kuichora.

Chini ya benchi usizibe kwa tripleksi (plaiwudi). Najua unataka kuficha mablanketi. Weka pazia, acha hewa, na liache benchi sentimita 5 mbali na ukuta wa mlima.

Godoro linakatwa vipande viwili kwa urefu: kimoja cha sentimita 75 cha kukalia, kingine cha 60 kinachosimama ukutani mchana kama egemeo. Mshono unapita kwa urefu wa kitanda, kwa hiyo mgeni mmoja halali juu yake, na wawili unawatenganisha kidogo, jambo ambalo baadhi yao wameniambia ni faida. Magodoro ya kukunja mara tatu, mshono unapita chini ya kiuno. Jaribu usiku mmoja utaelewa. Unene usipungue sentimita 12. Fremu ikiwa na 33, jumla ni 45, urefu wa kiti cha kawaida.

Ukienda kununua sponji, usiibonyeze kwa kidole, kila sponji mpya hurudi juu. Ipime uzito. Muuza maharage wa jirani ana mizani. Godoro la sentimita 190 kwa 90 kwa 15 lina ujazo wa kama robo ya mita ya ujazo. Likiwa na kilo 5, sponji yake ni ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, itafaa kwa mgeni wa siku mbili. Likikaribia kilo 7, hilo litambeba mtu mzima wiki nyingi bila kugusa chaga. Likiwa kilo 3 na nusu, unanunua hewa. Bei sitaandika, dola ikipanda kesho mtasema fundi mwongo.

Mustikeri, yaani neti ya mbu, ifikiriwe mapema. Ile ya duara inayoning'inia kwenye kulabu moja inamtosha mtu mmoja kwenye benchi lililofungwa. Likifunguliwa inabana, mguu unagusa wavu, na mbu anakula kutoka nje. Piga kulabu nne za neti ya mraba, mbili ukutani, mbili kwenye boriti.

Na mlango. Kitanda cha 135 kwenye chumba chenye upana wa 210 kinaacha sentimita 75, njia nzuri ya kupita, mpaka mlango wa sentimita 75 ufungukie ndani na kuilamba yote. Geuza bawaba ufungukie nje. Ni kazi ya saa moja, na mara nyingi inaongeza nafasi kuliko kubadilisha kitanda. Ukitaka kuhakikisha, kata katoni kwa vipimo vya kitanda, ilaze sakafuni, uingie na begi mkononi.

Basi huyo mama wa Jumatano, nilimwonyesha picha ya benchi, akalipenda hapohapo. Nikamwambia kwa siku ya posho haliwezekani: chaga zilizokauka sina, na za mbichi sitamfungia. Ijumaa usiku vijana wangu walishusha kwenye zile ngazi zake kitanda cha sentimita 90 cha bulo, mikononi, vipande sita na ufunguo mmoja. Mlango tuliugeuza asubuhi, boti ikiwa bado haijafika bandarini. Grevilea ya benchi lake nimeipanga kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao, na jina lake liko daftarini kwenye ukurasa wa Agosti.