Je, wajua kwa nini Kenya na Tanzania zote zina Saba Saba?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Saba Saba ni siku moja inayokumbukwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Wakenya wanaitaja, Watanzania wanaitaja, tarehe ni ile ile: nikaona lazima liwe tukio moja la Afrika Mashariki. Sivyo. Ni matukio mawili yaliyoachana kwa miaka 36, na hayana undugu.

La kwanza ni la Tanzania. Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954, jijini Dar es Salaam, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kilijigeuza kuwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere akiwa rais wake. Leo ukimwambia mtu wa Dar “twende Sabasaba”, anawaza viwanja vya maonesho vya Barabara ya Kilwa, foleni ya tiketi na watoto wanaolilia aiskrimu. Ndiyo maana wengi hudhani siku hiyo ilianzia kwenye maonesho. Ni kinyume chake: siku ilitangulia, maonesho yakaifuata na kuchukua jina lake.

La pili ni la Kenya, mwaka 1990. Kenneth Matiba, aliyekuwa amejiuzulu uwaziri, na Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, waliitisha mkutano wa hadhara katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Serikali ya Rais Moi ikaupiga marufuku, na tarehe 4 Julai wawili hao wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Jumamosi ya tarehe 7 watu wakaenda hivyo hivyo. Wakakutana na mabomu ya machozi, virungu na risasi. Ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa na watu wakapoteza maisha. Desemba 1991 ndipo kikafutwa kifungu cha 2A cha katiba, kilichokuwa kimeifanya KANU chama pekee.

Tazama tofauti ilivyo kubwa. Upande mmoja ni siku ya kuzaliwa kwa chama ambacho mwaka 1965 kilikuja kuwa chama pekee Tanganyika. Upande wa pili ni siku ya kuukataa mfumo wa chama kimoja. Mtu anayezichanganya, kama nilivyofanya mimi, anazipoteza zote mbili.

Basi kwa nini jina ni moja? Jibu limo kwenye namna tunavyotaja miezi. “Julai 7” ni kama mchezaji aitwaye Juma aliyevaa jezi namba saba: jina ni jambo moja, namba ni jingine, hakuna cha kugeuza shingo. Lakini mitaani hatusemi sana Julai, tunasema mwezi wa saba. Hapo mchezaji mwenyewe anaitwa Saba na mgongoni ana saba. Ni kama namba ya simu yenye tarakimu zinazojirudia, ukiisikia mara moja imeshakaa kichwani. Ulimi hauna kazi tena ila kuangusha maneno ya katikati: tarehe saba mwezi wa saba, saba saba. Ndivyo ilivyopatikana na Nane Nane, Sikukuu ya Wakulima ya Tanzania, tarehe 8 Agosti. Uhuru wa Tanganyika uliangukia tarehe isiyojirudia, nayo tunaiita Tisa Desemba, mwezi ukabaki na jina lake.

Hesabu hii inaeleza jina tu. Haielezi kwa nini TANU ilizaliwa siku ile.

Kinachonifurahisha zaidi kiko mbali, Japani, ambako miezi nayo huitwa kwa namba. Huko kuna Tanabata, sikukuu ya usiku wa saba wa mwezi wa saba, na alama mbili zinazoandika jina hilo maana yake ni “saba” na “jioni”. Watu huandika matakwa yao kwenye vipande virefu vyembamba vya karatasi za rangi, kisha huvifunga kwenye matawi ya mianzi, vikapepea. Sehemu nyingi huadhimisha tarehe 7 Julai. Mji wa Sendai hungoja hadi Agosti, karibu na tarehe ya kalenda ya zamani.

Marekani, tarehe hiyo hiyo mwaka 1928, mkate uliokatwa vipande kwa mashine ya Otto Rohwedder uliuzwa kwa mara ya kwanza, katika mji wa Chillicothe, Missouri. Tarehe hiyo pia huitwa Siku ya Chokoleti Duniani.

Na tangu 2022 ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliipitisha tarehe 23 Novemba 2021, ikirejea ile Jumatano ya 1954 na jinsi TANU ilivyokifanya Kiswahili nyenzo ya kupigania uhuru. Kabla ya hapo hakuna lugha ya Kiafrika iliyokuwa imetengewa siku yake na shirika hilo.